Mtani Akikasirika

1

Presha ya Walburga ilipanda tena asubuhi ile, na safari hii dawa haikuishusha. Dada yake, Otilia Mhagama, alisimama kando ya kitanda ameshika kifundo cha mkono wake, akijifanya anahesabu mapigo. Hakuwa akihesabu kitu. Mashine ilikwisha kuhesabu, namba zilikuwa ukutani kwa rangi nyekundu, na mkunga mzoefu kama yeye hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Dada," Walburga alisema, "zima hiyo taa."

"Taa ipi?"

"Hiyo inayomeremeta pembeni."

Pembeni hapakuwa na taa. Ile ilikuwa presha ikibisha hodi kwenye ubongo, na baada ya vimulimuli vya namna hiyo mgonjwa hukakamaa, hutupa mikono na miguu, na wengine hawarudi. Otilia alisema, "Nimeizima," akaongeza mwendo wa dripu ya magnesiamu ya kuzuia degedege, kisha akageukia dirisha ili mdogo wake asimwone uso.

Nje hapakuwa na cha kuona. Misitu ya misonobari ya Mufindi ilikuwa inaungua tena, kama ilivyoungua kila kiangazi tangu mvua zipoteze adabu, na moshi ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai kama mgeni asiyejua kuaga. Wazee walizoea kusifia ukungu wa Mufindi. Watoto wa shule siku hizi hawakuujua ukungu, walijua moshi tu, na taa za wodi ziliwaka mchana kutwa.

Vitabuni ugonjwa wa Walburga una jina refu. Kliniki nzima waliuita kutu, na angalau mara hii maneno ya foleni yalikuwa sahihi kuliko ya vitabu. Mimba inapotunga, mishipa ya mama inayolisha kondo la nyuma hutakiwa kutanuka, damu itiririke taratibu. Kwa wanawake wengine haitanuki. Damu inaingia kwa kushtukiza, mara ipo mara haipo, na oksijeni inayokuja kwa mtindo huo haijengi, inaunguza. Zinazaliwa chembe zenye njaa, zinang'ata kila kilicho karibu: mafuta ya seli, kuta za mishipa, kondo lenyewe. Ni oksijeni hiyohiyo inayokula jembe lililosahauliwa shambani. Kondo likishaota kutu linamwaga takataka zake kwenye damu ya mama, mishipa ya mwili mzima inakaza, figo zinavuja, uso unavimba. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na huyu alikuwa ndani zaidi ya nguo. Ongeza moshi, ongeza na hewa nyepesi ya milimani, ndipo utaelewa kwa nini wodi ya Otilia haikuwa na kitanda kitupu.

Wataalamu wa zamani walidhani jambo ni jepesi. Kama ni kutu, walisema, wapeni vizuia kutu. Wakawapa maelfu ya wanawake vidonge vya vitamini C na E, na kutu haikutikisika. Moto ulikuwa jikoni, ndani kabisa ya kondo, na wao walikuwa wanamwaga maji barazani.

Kilichokuja kufanya kazi ni mwanamke mwingine. Kondo lenye afya lina vimeng'enya vyake lenyewe vya kuzila chembe zile, na hakuna kiwanda kilichoweza kuvitengeneza vikadumu. Ndipo ikaundwa Pacha: vitanda viwili, katikati yake utando. Damu ya huyu inapita upande huu na ya yule upande ule, hazichanganyiki, lakini vimeng'enya vinavuka kwenda kwa mgonjwa. Na kutu nayo inavuka, inarudi kwa mwenzake. Ndiyo maana watu waliiogopa Pacha. Anayetoa lazima naye awe mjamzito wa miezi ileile, na anachotoa anakitoa kwenye chakula cha mwanawe.

Otilia alikuwa ametangaza kata zote. Hakuna aliyekuja, na hakumlaumu mtu. Mume wa Walburga, Kastori, alikuwa huko juu na kikosi cha kuzima moto, mahali ambapo simu haikamati. Dawa nyingine iliyobaki ilikuwa moja tu, ya kale kuliko zote: kulitoa kondo. Kulitoa kondo ni kumtoa mtoto, na mtoto alikuwa wa miezi sita. Msimu wa moshi watoto wa miezi sita walikuwa hawavuki. Mapafu yao yalikuwa mabichi mno kwa hewa ile, hata ndani ya kasha la joto.

"Usimtoe," Walburga alisema, kana kwamba amesikia mawazo. "Najua unachofikiria. Usimtoe, dada. Huyu wa sita. Hao wengine hata majina hawakupata."

"Sijafikiria kitu."

"Wewe ukinyamaza ndipo unafikiria."

Wakati huohuo sauti ya mwanamke ilisikika kwenye korido, kubwa, isiyo na heshima yoyote kwa wagonjwa.

"Yuko wapi huyo Mngoni anayetaka kufa bila ruhusa yangu?"

2

Lusungu Kihwele alikuwa Mhehe wa vijiji vya huko chini, mfanyakazi wa kitalu cha miche, na mimba yake ilikuwa ya miezi sawa na ya Walburga. Walikutana kwenye foleni ya kliniki. Walburga alikuwa mwalimu mgeni, ametoka Songea kumfuata mumewe, mpweke, dada yake akishinda wodini, hajui pa kununulia hata chumvi. Aliposikia jina la ukoo wa yule mwanamke aliyekaa mbele yake alisema kwa sauti, ili benchi zima lisikie, "Jamani, nani ana mbwa hapa? Amfunge asije akaliwa, Mhehe amefika." Lusungu aligeuka polepole. Akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akauchomoa mtandio wa kitenge uliokuwa mabegani mwa Walburga, akajifunga yeye, akasema, "Babu yako alikuja kututeka akaishia kutuchotea maji. Hiki ni cha maji aliyomwaga." Benchi zima likacheka, na tangu siku ile Walburga hakuwa mpweke tena.

Asiyekulia kwenye utani ataona ni matusi. Wahehe na Wangoni walipigana vita zamani mpaka wakachoka, na baada ya kuchoka wakaona bora wachekane. Lakini utani si kucheka tu. Mtani akikunyang'anya kitu, hukasiriki. Mtani akifiwa, ni wewe unayechimba kaburi. Mtani akiumwa na akahitaji ulicho nacho, humnyimi. Mtu anaweza kumkatalia ndugu yake wa tumbo moja na watu wakasema ana sababu zake. Atakayemkatalia mtani hana sababu, na atachekwa yeye na wanawe, kicheko kisicho na utani ndani yake.

"Mbona umevimba hivyo?" Lusungu alimwambia Walburga, ameegemea fremu ya kitanda, anatafuna kipande cha udongo. Alikuwa anatafuna udongo tangu mimba ianze, mfuko mzima ulikuwa kwenye pindo la kanga yake. "Umekula nini? Umekula jirani?"

"Nimekula Mhehe," Walburga alijibu kwa shida. "Hana ladha."

"Basi leo utaionja. Sista, nilaze hapo. Nimekuja kumpa damu ya maana, labda na akili itavuka."

Mfa maji haachi kutapatapa, na hapa Otilia alikuwa ameshika kitu. Hakuuliza mara mbili. Alimlaza Lusungu kitanda cha pili, akachukua tone la damu kidoleni, akaliweka kwenye kipimo, na kwa muda ule mfupi wa kusubiri akamwona tayari mdogo wake amerudi darasani, na mtoto mgongoni.

Kipimo kilisoma akiba ya vimeng'enya vya Lusungu. Ilikuwa imekaa kwenye mstari hasa wa kiwango cha sheria, si juu, si chini. Moshi ulikuwa umekwisha kumla naye, kimyakimya, na kondo lake lilikuwa linajitosha lenyewe bila ziada. Kisheria aliruhusiwa. Kwa macho ya mkunga, lilikuwa jambo la kurusha shilingi: pengine wote wanne wangevuka, na pengine kutu ingemruka Walburga ikaenda kujenga nyumba kwa Lusungu.

"Vipi?" Lusungu aliuliza. "Inatosha au niongezewe maji?"

"Iko kwenye mstari," Otilia alisema. "Mtoto wako anaweza kuathirika. Nakuambia ukweli. Anaweza kuzaliwa mdogo, anaweza asizaliwe."

Taya la Lusungu lilisimama kutafuna, kisha likaendelea.

"Mhehe hazaliwi mdogo," alisema.

Juu ya vitanda, kwenye dari, kilikuwepo chombo cheupe ambacho sheria ilikiita Mizani ya Hiari. Kiliwekwa baada ya mabosi kuanza kuwalaza mahausigeli wao kwenye Pacha. Mizani ilisikiliza sauti, ikapima mapigo na jasho la kiganja, na ilikuwa na sauti ya kike isiyo na kabila.

"Lusungu Kihwele," ilisema. "Je, unayetaka kumpa ni mwajiri wako, mdai wako, mume wako, mkweo au ndugu yako?"

"Ndugu? Na huyu?" Lusungu alicheka. "Mungu apishe mbali."

"Je, kuna aliyekutisha au kukuahidi kitu?"

"Hakuna."

"Jibu ni la kweli," Mizani ilisema, na taa yake ikawa ya kijani. "Swali la mwisho litaulizwa sindano ikiwa tayari."

Jibu lilikuwa la kweli kabisa. Aliyeitengeneza Mizani aliweka ndani yake kila kamba anayoijua ya kumfunga mtu. Hakujua utani, na Otilia, aliyejua, alifunga mdomo wake.

3

Alikuwa anamsafisha Lusungu mkono kwa pamba yenye spiriti pale aliposikia mnong'ono. Lusungu alikuwa amegeukia ukutani, kiganja kimoja kiko tumboni, na alikuwa anazungumza Kihehe, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala. Otilia alikuwa ameishi Mufindi miaka ya kutosha kuelewa. Lusungu alikuwa anamwomba mtoto msamaha. Alikuwa anamwambia asikasirike, mama yake hana njia, huyu ni mtani.

Pamba ilisimama.

Otilia aliutazama mkono ule. Vidole vilikuwa na udongo kuchani, na pembeni ya kitambaa cha kitanda tumbo la Lusungu liliruka mara moja, kisha mara ya pili. Mtoto alikuwa macho. Otilia alihisi hasira, na hakujua amkasirikie nani. Kwa nini nimesikia, alijiuliza. Ningekuwa naosha vyombo kule, nisingesikia.

Kwenye kitanda cha jirani Walburga alikuwa anapumua kwa mdomo. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kucheza vyenyewe, mchezo mdogo, kama mtu anayebonyeza kinanda, na Otilia alijua mchezo ule unaishia wapi. Hapakuwa na wakati. Kama angemaliza kusafisha, akaandaa sindano, Mizani ingeuliza, Lusungu angesema ndiyo, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Hata Lusungu angemshukuru. Huyu alikuwa mdogo wake, aliyembeba mgongoni kwenda kuchota maji mama yao alipokuwa amelazwa na malaria. Damu nzito kuliko maji. Ni nani angemhukumu?

"Lusungu," alisema. "Unaweza kukataa."

Lusungu aligeuka, akacheka, na machozi yalikuwa bado hayajakauka. "Mngoni ananifundisha kukataa? Nyie mlikataa lini kitu?"

"Sitanii."

"Mtani akisema hatanii, hapo ndipo anatania zaidi. Choma, mama. Mkono unapoa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila neno ambalo Otilia angesema lingeingia kwenye utani na kutoka likiwa utani. Alifikiria kuiambia Mizani. Neno moja tu, na ingeandika utani kwenye orodha ya kamba zake, na tangu saa ile hakuna Mhehe ambaye angeruhusiwa tena kumlalia Mngoni kwenye Pacha, wala Mchaga Mpare, wala Mzaramo Mnyamwezi, nchi nzima. Na nusu ya wanawake waliotoka wodi ile wakiwa hai walitoka kwa sababu ya watani wao. Aliwakumbuka. Wote walikuja wakicheka vilevile. Ni wangapi kati yao walinong'ona ukutani, na yeye hakuwepo karibu?

Njia iliyobaki aliijua tangu utotoni, kwa kuwa ilikuwa jambo la kwanza walilokatazwa. Mtani akikasirika, utani umekufa. Si mpaka wiki ijayo, si mpaka mtu aombe radhi. Umekufa, na kila mmoja anakuwa mgeni kwa mwenzake.

"Haya, fanya haraka," Lusungu alikuwa anasema, kwa sauti kubwa tena, ili ajisikie mwenyewe. "Na kama akinifia hapa, nakwambia mapema, nalala juu ya kaburi mpaka mnipe ile redio yake. Na mumewe ninamchukua, nikamfundishe kula mbwa."

Ulikuwa utani mzuri. Siku nyingine Otilia angeujibu mpaka wodi ikaanguka kwa kicheko. Akaitupa pamba sakafuni.

"Nyamaza," alisema.

Lusungu aliinuka kwa kiwiko, mdomo wazi.

"Mdogo wangu anakufa na wewe unaleta upuuzi. Huna adabu. Hukufundishwa kwenu? Unataja kaburi mbele ya mgonjwa, unacheka? Nimekuvumilia tangu asubuhi, nimechoka. Umenikera."

"Dada," Walburga alisema kwa sauti ndogo kutoka kule kitandani. "Anatania."

Otilia hakugeuka. Kama angemtazama Walburga asingeweza kuendelea.

"Umekasirika kweli?" Lusungu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa, ilikuwa sauti ya mtu aliyevunja chungu cha watu.

"Nimekasirika kweli. Kuanzia sasa sina utani na wewe. Huyu hapa si mtani wako, ni mgonjwa usiyemjua, na mimi ni muuguzi. Wewe ni mjamzito uliyepita njia. Hakuna kinachokufunga hapa."

Walitazamana. Lusungu hakuwa mjinga. Otilia aliona maana ikimwingia kidogokidogo, kwanza aibu, kisha mshangao, kisha kitu kingine alichokificha kwa kuinamisha kichwa. Mizani, ambayo haikuelewa chochote, iliona mkono umesafishwa na sindano iko tayari, ikauliza swali lake la mwisho.

"Lusungu Kihwele. Je, unakubali kwa hiari yako?"

Walburga alikuwa amefumba macho, lakini alikuwa anasikiliza. Otilia aliomba, na alijua anachoomba. Alimwomba Mungu yule mwanamke aseme ndiyo. Alikuwa amemfungulia mlango, na sasa aliomba kwa nguvu zake zote asiupite.

"Hapana," Lusungu alisema.

"Hiari imesikika," Mizani ilisema, na taa ikazimika.

Lusungu aliteremka kitandani. Alijifunga kanga, akashindwa, akajifunga tena. "Wa kwanza alikufa tumboni msimu kama huu," alisema, hakumwambia mtu yeyote hasa. "Nilimbeba siku nyingi kabla hawajaniambia. Huyu simgawi. Sikuweza kusema, lakini simgawi." Alifika mlangoni, akageuka, akaangalia upande wa Walburga. Akatoka.

"Umemfukuza," Walburga alisema.

"Nimemwacha achague."

"Ungeninyamazia tu, dada." Alisema bila hasira, taratibu, kama anayetaja jambo dogo. "Mara moja tu. Ungeninyamazia."

Kisha macho yake yakapanda juu, taya likajifunga, na mwili wote ukakakamaa kwenye kitanda.

4

Daktari Luhwago alimpasua Walburga mchana ule, na Otilia ndiye aliyempokea mtoto. Alikuwa wa kike. Alienea kwenye viganja viwili na nafasi ikabaki, ana nyusi, ana kucha, ana mikunjo kwenye viganja kama mtu mzima aliyefanya kazi. Alilia. Kilikuwa kilio chembamba mno, lakini alilia, na daktari aliinua macho juu ya barakoa yake akamtazama Otilia, na wote wawili wakajiruhusu kuamini kidogo.

Kondo lilifuata. Lilikuwa dogo kuliko inavyotakiwa, gumu, na upande wa mama lilikuwa na mabaka meupe yaliyokufa. Otilia aliligeuza chini ya taa. Kitu kile, chenye ukubwa wa kiganja, kilikuwa kimekula figo na kubisha hodi kwenye ubongo, na sasa kilikuwa kimelala kwenye beseni, hakimtishi mtu. Kabla mshono haujaisha presha ya Walburga ilianza kushuka. Dawa ya kale kuliko zote bado ilikuwa dawa.

Mtoto walimweka kwenye kasha la joto, na mashine ya hewa ikawa inampulizia. Otilia alikaa naye. Aliingiza kidole kwenye tundu la pembeni, na mtoto akakishika. Alikishika vizuri, kwa nguvu ambayo hakuna aliyemfundisha, na Otilia akaanza kumwambia vitu vya kipuuzi: kwamba mama yake ni mwalimu, kwamba baba yake anazima moto, kwamba wao ni Wangoni na Wangoni hawakati tamaa. Alimtania pia. Alimwambia amekuja mapema kama mtu anayewahi ubwabwa. Mbavu za mtoto zilipanda, zikashuka, zikawa zinaingia ndani kila alipovuta hewa. Alasiri mshiko ulilegea.

Otilia hakuutoa mkono. Muuguzi mwenzake alipokuja, alimkuta bado ameinama pale, na ilibidi amtoe kidole kwa upole.

5

Walisubiri mpaka Walburga aweze kusimama. Alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu atakayemzika mwanawe wakati yeye amelala. Kastori alishuka kutoka motoni, nyusi zake zimeungua zote, akachagua mahali nyuma ya nyumba yao, palipopakana na chai. Walimpa mtoto jina, Benigna, kwa sababu Walburga alisema huyu hataondoka bila jina.

Tatizo lilikuwa kaburi. Mngoni akifiwa ugenini, watani ndio huchimba, ndio hupiga kelele, ndio huzuia maiti mlangoni na kudai vitu mpaka wafiwa wacheke bila kutaka. Habari ilikuwa imeenea. Dada wa mfiwa alimkasirikia mtani mbele ya mgonjwa, utani umekufa, basi hakuna Mhehe aliyejua kama anaruhusiwa kuja. Wachache walisimama mbali, karibu na barabara, mikono nyuma. Kastori alichukua jembe akaanza kuchimba mwenyewe. Kila mtu aliona aibu kumtazama baba akimchimbia mwanawe.

Otilia alisimama kando ya Walburga, bila kumgusa. Tangu wodini walikuwa wanazungumza mambo ya dawa na uji, basi.

Ndipo Lusungu alipotokea kwenye njia ya chai, tumbo mbele, jembe begani. Hakusalimia mtu. Alifika pale, akamsukuma Kastori kando kwa nyonga, akakaa chini kwa shida kwenye ukingo wa kaburi, miguu ikining'inia ndani.

"Hazikwi mtu hapa," alitangaza. "Mngoni gani huyu anaingia nchi ya Wahehe bila hodi, anatoka bila kuaga? Aliona moshi akadhani ni vita? Rudisheni, akaage vizuri."

Wote walimtazama Walburga.

Walburga alikuwa amejishika mshono. Ilimtoka sauti, ya kwanza kubwa tangu siku ile, na haikueleweka mwanzoni ni kikohozi au nini. Ilikuwa kicheko. "Na wewe," alisema, "umekaa hapo unamtafuta nani? Babu yako yuko chini zaidi, alikimbia mbali." Na neno la mwisho likavunjika katikati, akaanza kulia, na Lusungu akamfungulia mikono palepale kwenye udongo. Walilia matumbo yakiwa yameegemeana, moja lina mtu na jingine halina.

"Wewe hukukasirika," Lusungu alikuwa anamwambia. "Nilikusikia. Ulisema natania. Wewe hukukasirika."

Akatoa kwenye kifurushi chake kile kitenge alichomnyang'anya kwenye foleni, kimefuliwa, kimepigwa pasi, akamtupia mabegani. "Chukua tambara lako. Linanuka chaki." Wale waliosimama barabarani walikuwa wamekwisha kuja na majembe yao, kelele zimeanza, mmoja amekwisha kudai kofia ya Kastori. Kaburi lilichimbwa kwa muda mfupi, kwa kuwa lilikuwa dogo.

Watani walipomaliza walipita kuwapa wafiwa mkono, kila mmoja na tusi lake. Otilia alisimama mwishoni mwa mstari. Aliwaona wanakuja. Alikuwa ametayarisha jibu, tangu Lusungu alipokaa ukingoni pale alikuwa analitayarisha, jibu zuri, la mbwa na misonobari. Angeitwa mchawi, angeitwa mwizi wa magnesiamu, chochote. Alichotaka ni kutukanwa.

Lusungu alifika mbele yake. Alijifuta udongo mikononi. Walitazamana kama walivyotazamana siku ile, na Otilia aliona kwamba yule mwanamke hakuwa na kinyongo, alikuwa anajua vizuri alichofanyiwa, na pengine kila akiamka usiku mtoto akicheza tumboni alikuwa anamshukuru. Lakini mtu hawezi kumtania aliyekasirika. Hiyo haikuwa juu yake kuibadilisha.

Alikunja magoti kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyofanya mbele ya mkubwa asiyemjua.

"Shikamoo, dada," alisema. "Poleni na msiba."

"Marahaba," Otilia akajibu.